Siku Tisa za Mlango Wazi

Baba yangu alipotea siku ya Jumatatu, na kufikia Alhamisi kila mtu mtaani alikuwa anajua aliko, isipokuwa mimi na polisi.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana hata majirani walianza na hilo. Jumapili, baada ya misa, nilipanda pikipiki ya taksi-moto kutoka Manika, ninakokaa na kufundisha Kifaransa katika shule ya sekondari, nikaenda kumsalimia. Alikuwa amebaki peke yake katika nyumba yetu ya zamani, mstari wa mwisho wa kambi ya wafanyakazi, pale ambapo mgodi unasogea mwaka hadi mwaka. Ukikaa barazani unaona malori marefu kuliko paa letu. Nyumba zote za mstari ule zilikuwa zimepigwa alama nyekundu ukutani: watu wahame. Majirani wote walishatia sahihi. Baba peke yake alikuwa amegoma, na sababu ya mgomo wake ilikuwa mgomba.

Mgomba huo mama aliuleta kutoka kwao Kasaji alipoolewa. Ulikuwa chipukizi tu, ameufunga katika kitenge na kuupakata safari nzima ya treni, na wifi zake walimcheka kwamba ameolewa akiwa na mtoto tayari. Aliupanda nyuma ya jikoni. Shina moja likizaa likakatwa, chipukizi lilishika nafasi yake, kwa hiyo kwa baba ulibaki kuwa mgomba uleule miaka yote. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyeendelea kuumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Wahamishaji wa mgodi walipokuja na karatasi yao ya kuhama, kulikuwa na mstari wa miti, nao wakaandika: mgomba, mmoja. Baba akawauliza huo mgomba mmoja unahamia wapi. Wakacheka. Akawafungia mlango.

Basi Jumapili hiyo nikamwambia, na mdomo wangu hauna breki, hata wanafunzi wangu wanalijua hilo:

"Tata, ni mugomba tu. Mama hayuko mu mugomba."

Baba akikasirika hupiga kelele mpaka mbwa wanatoka. Akiumia hunyamaza. Alinyamaza. Akachukua kofia yake mezani, akaivaa humo humo ndani ya nyumba, akaenda kukaa chumbani. Mimi nikarudi Manika nikijisifu njia nzima kwamba hatimaye amepatikana mtu wa kumwambia ukweli.

Jumanne asubuhi simu yangu ikaita, namba ya baba. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya jirani yake, mama mmoja anayechajisha simu za watu kwa sola yake.

"Mwalimu, simu ya tata yenu iko huku tangu siku ya Mungu. Ilishajaa, haji kuikamata. Na ku nyumba mi nabisha, hakuna mutu."

Nilifika nimevaa viatu viwili tofauti. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Niliusukuma, ukaenda mpaka ukutani kama kawaida yake, nikaingia nikiita. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kofia haikuwepo. Koleo halikuwepo, wala ile taa ya kichwani aliyokuwa akiitumia umeme ukikatika, wala kiroba kimoja kitupu cha unga. Nikatoka nyuma ya jikoni. Pembeni ya mgomba kulikuwa na bati limelazwa chini, limewekewa mawe manne kwenye pembe, na juu yake majani ya mgomba. Nikaliinua. Chini yake kulikuwa na shimo, na udongo mwekundu mbichi.

Kwa mtu wa mji mwingine hilo ni shimo. Kwa mtu wa Kolwezi hiyo ni taarifa ya habari kamili. Hapa watu wamechimba chini ya vitanda vyao, chini ya majiko yao, na wengine chini ya nyumba ya jirani wakiingilia upande wao. Mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba bati likifunikwa majani, kuna mtu anatafuta madini na hataki kugawana. Jirani wa simu alikuwa ameshachungulia juu ya uzio. Alipiga makofi mara moja, akashika kinywa.

"Iyee! Tata naye!"

Nusu saa baadaye uwanja wa nyumba yetu ulikuwa umejaa watu.

Shangazi yangu, mdogo wake baba, alifika kabla ya polisi na akashika usukani. Ni mwanamke wa sala na amri, na amri zinatangulia. Alitandika turubai, akaazima viti kanisani, kisha akatoa sheria ambayo nyumba nzima iliifuata kama ya serikali.

"Mutu akipotea, mulango haifungwe. Ukifunga, unamufungia inje. Mupaka arudie, inabaki wazi. Muchana na usiku."

"Tantine, na mbuzi za jirani?"

"Mbuzi ziingie. Na wewe njo mutoto wake, ukae pa mulango, batu bakuone."

Akanitafutia kiti, akakiegemeza kwenye mlango uliofunguka mpaka ukutani, ili upepo usiufunge. Nikakaa. Nilikaa hapo siku tisa, mgongo kwenye mbao, nikipokea pole za watu, na kufukuza mbuzi kwa kanga ya shangazi.

Hapa lazima niseme jambo moja kuhusu mlango huo. Baba alikuwa mwandika saa mgodini miaka thelathini: nani ameingia, nani ametoka, nani kachelewa. Alipostaafu hakustaafu. Nyuma ya mlango wa mbele alipigilia ubao mdogo mweusi wenye safu nne: jina, saa ya kutoka, sababu, saa ya kurudi. Hata ukienda kuchota maji uliandika. Kaka yangu mmoja aliwahi kuchapwa kwa kuandika kwamba sababu yake ni "mambo." Mstari wa mwisho niliouona ubaoni ulikuwa wa mama. Sababu: hospitali. Saa ya kurudi ilikuwa tupu, na baba hakuufuta. Tangu siku hiyo nilijizoesha kutotazama nyuma ya ule mlango. Nilidhani na yeye ameacha kuandika, maana alikuwa amebaki bila mtu wa kumwandikia.

Sasa, habari za mtaani. Habari ya kwanza ilisema baba amefukiwa na udongo akichimba kobalti. Hii ilikuwa na wafuasi wengi, ingawa shimo lenyewe liliishia kwenye kiuno cha mtu mzima. Walijibu kwamba alikata njia ya pembeni. Habari ya pili ilisema alipata mawe mazuri mno, akapeleka sampuli kwa mnunuzi asiyemjua, na mnunuzi akamficha ili mzee aonyeshe mshipa wote wa madini. Ya tatu ilianzia kwenye bomba la maji. Ilisema baba yuko Tenke na mjane mmoja wa mtaani muuza mikate ya kukaanga, kwa sababu mjane huyo naye hakuonekana tangu Jumatatu ileile. Walitaja hata nguo aliyovaa: suti ya kijivu. Baba hana suti ya kijivu. "Alishonesha," wakaniambia kwa upole, kama watu wanaomvumilia mfiwa.

Mjane alirudi Ijumaa, na aliposhuka tu kwenye minibasi akaambiwa kuwa ameolewa. Alikuja mpaka mlangoni kwetu na beseni kichwani.

"Ninyi batu, munanisikia? Mi nilienda Tenke mutoto yangu alizala! Nilikuwa nanawisha mujukulu, ninyi huku munaniolesha na muzee!"

Alishusha beseni, akavuta kiti, akakaa kando yangu, akanishika mkono. Baada ya muda akaninong'oneza kwamba kama angeombwa angekataa, lakini ingekuwa vizuri kuombwa kwanza. Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki ile, shangazi akanikata jicho.

Inspekta wa polisi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kalamu iliyoandika ukiitikisa tu. Alizungushia shimo kamba ya mama ya kuanikia nguo, akaibana na kibanio kimoja kilichobaki, akatangaza kuwa hapo ni mahali pa uchunguzi. Kisha akanihoji nikiwa kitini kwangu, mbele ya uwanja mzima.

"Mama mwalimu, muzee alikuwa na adui?"

"Hapana, shefu."

"Mutu wa miaka sabini na nane, hana adui?"

"Alikuwa nabo. Bote balishakufa."

Aliandika. Akaomba picha. Picha pekee iliyopatikana ilikuwa ya timu ya mpira ya kambi, baba akiwa kijana, nywele kama kofia ya manyoya. Inspekta akaangalia, akaandika tena. Ndivyo ilivyotokea kwamba tangazo la redio lilimtafuta mzee mwenye nywele nyingi, na baba yangu hana unywele hata mmoja tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Watu watatu wenye nywele zao walishikwa stendi na kuachiwa.

Kisha akatikisa kalamu, akashusha sauti kidogo.

"Banasema siku ya Mungu uligombana naye. Ulimuambia nini?"

Uwanja wote uliacha kutafuna. Nilitaka kusema uongo, nikashindwa.

"Nilimuambia ni mugomba tu."

Akaandika polepole, akajisomea kwa sauti: "Sababu ya ugomvi, mugomba." Alinitazama kama mtu anayetaka nimsaidie. Watu wengine walicheka, na mimi ningecheka pia ingekuwa baba wa mtu mwingine. Lakini mimi nilikuwa najua ile kofia ilivyovaliwa ndani ya nyumba. Niliogopa kwamba mzee ameenda kujifia mahali kwa sababu ya ulimi wangu, na kwamba neno la mwisho nililompa duniani ni hilo. Sikuogopa shimo, wala mnunuzi, wala Tenke. Niliogopa hilo tu.

Alhamisi, siku moja kabla mjane hajarudi, vijana watatu wachimbaji wa mtaani walijitolea kuingia shimoni kumtoa mzee, hata kama wao wenyewe watafia humo, walisema. Nililia kwa shukrani. Walichimba wakiita, "Tata! Tata!" na kila wakiita shangazi alijibu kwa sala. Ijumaa mchana waliinua jiwe lenye kijani cha madini ndani, wakatazamana. Kuanzia hapo wakawa wanaita mara chache. Jumamosi walikuwa wanaita tu nikikaribia. Magunia yakaonekana, eti ya kutolea udongo. Nilimwita inspekta awasimamishe. Alikuja na buti za mpira, akachungulia, akasema kazi ya kuokoa mtu inahitaji kusimamiwa kwa karibu, na hakuondoka tena mpaka jioni. Siku iliyofuata alikuja na gunia lake, la ushahidi.

Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, ardhi upande wa jikoni ilibomoka na mgomba wa mama ukaanguka ndani. Haukuanguka kwa kishindo. Uliinama, ukalala na mkungu wake mbichi, mizizi juu.

Niliacha kiti changu. Nilisimama ukingoni nikapiga yowe ambalo sikulipiga hata siku ya mazishi ya mama. Mimi, niliyesema ni mgomba tu. Niliwafukuza wale vijana kwa kanga ileile ya mbuzi, nikamfukuza inspekta, nikamtukana kila aliyekuwa karibu kwa Kifaransa safi, kisha nikakosa maneno nikaketi kwenye udongo. Shangazi alikuja kuniinua bila amri yoyote. Akanirudisha mlangoni. Mbuzi walishaingia shimoni kula majani.

Baada ya hapo watu walipungua kidogo na sauti zilishuka. Jumanne shangazi alianza kuuliza ni kitambaa gani cheusi kinafaa.

Jumatano saa tisa mchana pikipiki ya mizigo ilisimama barabarani, imejaa vumbi la njia ya magharibi. Nyuma ya magunia ya unga wa muhogo akashuka mzee mwenye kofia, ameshika galoni ya asali. Aliangalia turubai, akaangalia viti vya kanisa, akavua kofia kwa heshima.

"Nani alikufa?"

Shangazi ndiye aliyejibu, maana yeye hujibu kila kitu.

"Ni wewe."

"Ah," alisema baba. "Tangu lini?"

Alipita kati ya watu akisalimia mmoja mmoja, akafika nyuma ya jikoni, akasimama mbele ya lile korongo lililokuwa shimo lake. Kamba ya nguo ilikuwa inaning'inia. Mgomba ulikuwa umebaki kisiki chenye alama za meno ya mbuzi.

"Munatafuta nini mule?"

"Tulikuwa nakutafuta wewe, tata," alisema inspekta, ambaye alikuwa amesharudi kazini, akisukuma gunia lake la ushahidi nyuma ya mguu.

"Mi? Mu shimo ya mugomba?"

Ikabidi aeleze, na alieleza kama anayesoma taarifa ya zamu. Alikuwa amechimba chipukizi lenye mizizi mizuri, akalifunga katika kiroba, akapanda treni ya alfajiri kulipeleka Kasaji, uwanjani kwa wazazi wa mama, lilikotoka. Bati aliliweka ili mbuzi wasivunjike miguu. Majani aliyaweka ili bati lisichome mizizi iliyobaki. Taa ya kichwani ilikuwa ya kutumia kwenye behewa lisilo na taa. Alikusudia siku tatu, lakini treni ya kurudi haikuja, na haikuja tena. Simu alikuwa ameisahau kwenye sola. Namba aliyoikumbuka kichwani ilikuwa moja tu, ya ofisi yake ya mgodini, iliyofungwa zamani. Aliipiga hata hivyo.

"Lakini tata," nilisema, "mbona hukuniambia? Mi nilidhani… juu ya ile maneno…"

Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama waliochelewa zamu.

"Niliandika."

"Uliandika wapi?"

Alirudi mbele ya nyumba, akaniashiria niondoe kile kiti. Nikakiondoa. Alishika mlango, ule ambao siku tisa hakuna aliyethubutu kuufunga, akauvuta taratibu kutoka ukutani, akaufunga sisi tukiwa ndani.

Ubao ulikuwa pale. Mwandiko wake ulikuwa uleule ulionyooka, chini ya mstari wa mama. Kutoka: Jumatatu, saa kumi na moja ya asubui. Sababu ilikuwa ndefu, imepita kwenye safu na kushuka mpaka kwenye fremu:

"Kupeleka mama kwao. Mutoto alisema kweli, mama hayuko mu mugomba. Mwenye kuwa mu mugomba ni mi. Siko na kasirani. Akikuja, afunge mulango, mbuzi."

Nilisoma mara mbili. Inspekta alikuwa ameingia nasi. Alitikisa kalamu akaanza kunakili yote kwenye karatasi zake, pamoja na mbuzi. Shangazi aliangalia dari. Siku tisa mgongo wangu ulikuwa umeegemea mbao hizohizo, nikiomba nisikie neno moja tu kutoka kwake, na neno lilikuwa upande wa pili, unene wa kidole.

Nilijaribu kumwomba msamaha, likatoka jambo lisiloeleweka, nusu kilio. Baba alinipa galoni ya asali niishike, kwa kuwa alihitaji mikono. Akachukua kipande cha chaki juu ya fremu. Kwenye mstari wake, safu ya kurudi, aliandika saa tisa na robo. Kisha mkono wake ukapanda mstari mmoja, mahali palipokuwa patupu tangu mama aende hospitali. Akaandika: Kasaji.

Alipuliza vumbi la chaki vidoleni.

"Mwambie ule wa karatasi ya kuhama akuje kesho," alisema. "Nitatia sahihi."

Kisha akafungua mlango, akawafukuza mbuzi wawili waliokuwa chumbani kwake, akaufunga tena.